Mwaka Mmoja wa Goti la Sanober

Leicester, 9 Januari 2024

Dada yangu Sanober,

Assalaam aleykum. Natumai barua hii itakukuta salama pamoja na Baba. Sisi huku hatujambo, ila baridi imetukaba. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatumalizi ila tumegombana.

Juzi nilipokuona kwenye video ukishuka ngazi kinyumenyume, umeshika ukuta, nililia. Hilo goti la kulia limeharibika kwa miaka sita ya kumbeba Mama, Mungu amrehemu, na sasa Baba na kiharusi chake. Madaktari wamekukatalia kubadilishwa goti kwa sababu ya moyo wako, sawa. Lakini iko njia nyingine. Hawapasui. Huingiza sindano nyembamba hadi kwenye mishipa ya fahamu inayopeleka maumivu, wakaichoma kwa joto. Hapo Mombasa yuko Daktari Mumo anayeifanya. Nimeshazungumza naye, na gharama zote juu yangu.

Ukipata nafuu naja mwenyewe, nikae na Baba wiki tatu, nawe uende Umra uliyoiwekea nia tangu Mama yu hai. Hiyo ni ahadi.

Mdogo wako,
Fariha

*

Kibokoni, 27 Februari 2024

Mdogo wangu Fariha,

Waaleykum salaam warahmatullah. Sisi twashukuru. Baba yuwala vizuri, na kile kidonda cha mgongoni kinakauka. Vipi mumeo Aqeel na mtoto?

Nimekwenda. Mara ya kwanza Daktari Mumo alinidunga dawa ya ganzi tu, sehemu tatu kandokando ya goti, aone kama mishipa hiyo ndiyo iletayo maumivu. "Nenda nyumbani ukapande ngazi zako," akaniambia, "jioni unipigie simu uniambie umeumwa vipi." Fariha, nilipanda ghorofa tatu bila kutua. Nikashuka, nikapanda tena, mpaka Wanza, yule mpangaji wetu wa chini afanyaye kazi bandarini, akatoka kuniuliza nimepoteza nini.

Kesho yake ganzi imekwisha, maumivu yamerudi, nikalia kama mtoto. Ndipo nikakubali kuchomwa. Nililala macho, yeye akiifuata sindano kwenye picha ya eksirei. Nilihisi moto, kisha kama mtu ananibana kwa koleo. Leo ni siku ya tano, goti limevimba na lauma kuliko zamani. Asema nivumilie wiki chache.

Akaniambia na jingine. "Sijaliponya goti lako, mama. Limelika vilevile. Na mishipa huota tena. Una miezi sita, ukijaliwa mwaka, kisha tutazame kama tutachoma tena."

Maneno hayo nakuwekea na wewe uyakumbuke.

Dadako,
Sanober

*

Kibokoni, 18 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Salamu nyingi na Idd njema, ingawa imeshapita. Baba hajambo, akusalimu.

Limenyamaza! Wiki iliyopita nilimwacha Baba na yule muuguzi wa kila siku unayemlipa, nikatembea kutoka hapa hadi ufukweni Mama Ngina. Nikanunua mihogo ya kukaanga, nikatiliwa pilipili na ndimu, nikala nimesimama. Nimesimama, Fariha, kama watu wengine. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Sasa nataka kwenda Umra mwezi wa Julai, hija ikisha. Usiniambie kuna vigari vya kusukumwa. Nimemsukuma Mama kwenye kigari miaka sita. Nataka kutufu, niizunguke Kaaba kwa miguu yangu, niende Safa na Marwa kwa miguu yangu, maadamu ninayo.

Niambie tarehe.

Dadako,
Sanober

*

Leicester, 30 Juni 2024

Dada mpenzi,

Assalaam aleykum. Samahani nimechelewa kujibu. Hamjambo? Sisi tumo katika kuhama nyumba, masanduku hadi jikoni, kwa hivyo Julai haiwezekani. Agosti mtoto anaanza shule mpya. Lakini goti si zima sasa? Haraka ya nini? Desemba, insha'Allah.

Na kwa kuwa sasa una nguvu, nimemwambia yule muuguzi aje mara moja kwa wiki badala ya kila siku. Naona waweza.

Mdogo wako akupendaye,
Fariha

*

Leicester, 11 Novemba 2024

Dada,

Salaam. Mbona hunijibu? Barua tatu sasa, na simu wampa Baba. Desemba imeshindikana, Aqeel hakupewa likizo. Machi naja, wallahi. Usinikasirikie. Baba hajambo?

Fariha

*

Kibokoni, 2 Februari 2025

Fariha,

Waaleykum salaam. Baba yu hai, na mimi ni mzima kiasi. Nilinyamaza nisije nikaandika nisiloweza kulifuta.

Tangu ulipompunguza muuguzi, mimi ndiye ninayemgeuza Baba, ninayemwinua, ninayemwosha. Goti halikusema kitu. Miezi ambayo ningekwenda Makka nayo, nimeimaliza baina ya kitanda na choo. Tarehe kumi na tisa Januari, nikiwa ghorofa ya pili na ndoo ya nguo, limeamka. Nikaketi palepale kwenye ngazi, maji yamenimwagikia. Wanza ndiye aliyenipandisha.

Daktari Mumo asema mishipa imeota. Alhamisi ananichoma tena. Safari hii usigharamie wewe. Ile ya kwanza nilidhani umenifanyia mimi. Kumbe ulitaka ngazi zipandwe, Baba ageuzwe, nawe upate kukaa huko na roho yako imetulia.

Umra naenda Aprili, Idd ikisha. Muuguzi nimemrudisha wa kila siku. Na wa kukaa na Baba usiku, nilimwomba Wanza, nikitafuta maneno, nikiona haya. Si ndugu yetu, wala si wa dini yetu. Sijamaliza kusema akanikatiza: "Enda, mama. Nitachukua likizo, nilale juu na babako, Mzee Allarakha." Mwaka mzima nimekungoja wewe, na mtu alikuwa hapo chini.

Kila Ijumaa Baba huniuliza, "Fariha yuwaja lini?" Nami nikamjibu kila Ijumaa, "Mwezi ujao, Baba." Juzi nilichoka. Nikamwambia, "Haji."

Kwa ule ulimi wake mzito akasema, "Najua. Nilidhani wewe hujui."

Tikiti ya Machi usikate.

Dadako,
Sanober