Hewa Kidogo kwa Majani ya Roret

Baba, habari ya nyumbani, na kile kikohozi?

Roret kunanyesha tangu asubuhi. Nimetembelea kiwanda cha chai, pale majani mabichi yanapolazwa kwenye kitanda kirefu cha wavu, feni ikipuliza hewa kutoka chini, ili yanyauke. Mama Chebet, anayeyasimamia, alizamisha mkono hadi kiwiko. "Hapa yamebanana, yanapata joto ndani kwa ndani," akasema. Nikakimbilia feni nikaifungulia yote. Akanishika mkono. "Pole pole, mwalimu! Upepo ukizidi, ya chini yanakauka na ya juu yanabaki mabichi."

Baba, ndiyo ile hesabu yangu unayoniuliza kila Krismasi. Chembe za kwantumu zimepangwa kama mahindi kwenye gunzi, zinasukumana mpaka hakuna inayosogea. Zikiachwa peke yao, zinabaki zimekwama, hazipati nafasi ya kutulia. Zikiguswa kidogo na mazingira ya nje, zinalegea na kutulia. Zikiguswa kwa nguvu, zinaganda vile zilivyo.

Nikakumbuka nilivyotaka kugawa nguo zote za Mama siku moja baada ya matanga, na wewe ukafunga chumba chake mpaka leo. Nisamehe. Mungu akutunze. Nguo ziache hapo. Fungua tu dirisha, kidogo.

Binti yako,
Akinyi