Mokonzi anaitikaka mbio

Jeudi, jioni

Alinicheka mbele ya chef wetu wa kazi! Mesaji za masini zetu zinapotea kwenye mulolongo ya cloud, kule zinangojea kusomwa, kabla programu yangu izisome, na Augustin, mwenzangu wa kazi, anasema: «Programu yake iko inalala.» Bureau yote ikacheka. Niliogopa nitafukuzwa.

Bon. Mule, mesaji ikisha kusomwa na mmoja, inafutika. Mwingine hapati kitu. Leo nikafungua orodha ya wasomaji: tuko wawili. Programu yangu, na ingine inaitwa «Mokonzi».

Mokonzi, mufalme kwa Lingala! Augustin alijipa jina ile mwenyewe, iko hata kwenye kikombe yake.

Ningemuambia pembeni, kama ndugu... Hapana. Kesho, chef akifungua ile orodha mbele ya bureau yote, nitaita tu: «Mokonzi!»

Anaitikaka mbio sana.