Lame Mbili za Baba kwenye Njia ya Wamaza

Baba,

Motokari yako bado inatembea. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Ile jeep ya kijani bado inaamka asubuhi kwa kukohoa, mlango wa nyuma bado unafungwa kwa kamba, na watu wa Kasongo bado wanaiita kwa jina lako ingawa anayeshika usukani ni mimi. Wakiiona kwa mbali wanasema, "Baba Riziki anakuja." Mwanzoni maneno hayo yalinichoma. Siku hizi napiga honi na kuwapungia mkono.

Tangu tulipokuzika Wamaza mvua zimekuja na kwisha. Njia imeharibika zaidi. Mashimo uliyokuwa unayajua kwa kichwa yamejaa udongo, na mengine yamechimbika mahali ulipokuwa unapita ukipiga mluzi. Imebidi nijifunze njia upya, Baba, kama mgeni.

Ninachokumbuka zaidi ni asubuhi zako. Kabla ya kupakia abiria ulienda nyuma ya motokari, ukaikandamiza kwenye kona kwa mikono miwili, kisha ukaiachia ghafla ili uone itakavyopanda. Ila yako haikushuka. Ilikuwa kama kusukuma ukuta wa kanisa. Ulikuwa umezipanga zile lame za nyuma, bapa za chuma za springi zinazolaliana, moja chini ya nyingine, mpaka Tonton Idi wa gereji akasema motokari ya namna hiyo inafaa kubeba mawe, si watu. Wewe ulifurahi. "Iko nguvu!" ulisema, ukiipiga kofi kama ng'ombe. Na Mama, akiwa amesimama pale amejifunga kitenge, akajibu: "Kwa mihogo iko nguvu. Kwa mugongo yangu iko fimbo."

Nilikuwa nakaa katikati yenu. Tukikaribia shimo ulipaza sauti, "Shikeni, wapendwa!" na benchi zima la nyuma likaruka: wanawake, kuku, madumu ya mafuta ya mawese. Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alishika chuma cha mlango kwa mkono mmoja na goti langu kwa mkono mwingine, akatazama mbele. Nilidhani amekasirika tu. Nilikuwa mtoto, nilijua nini?

Halafu ile safari. Ulipougua kule Wamaza kwa ndugu zako, nilikuja kukuchukua nikupeleke hospitali. Tulikulaza nyuma juu ya godoro, kichwa chako kwenye mapaja ya Mama. Nilienda polepole kuliko watu wa miguu. Hata hivyo, kila penye shimo nilisikia pumzi yako inakatika. Tulipofika kwenye daraja la miti nilisimama, nikageuka kukutazama. Uso wako wote ulikuwa jasho. Ukatabasamu. Ukasema, "Riziki, hizi lame ni mimi mwenyewe niliyezitia."

Tulicheka, Baba. Wote watatu. Sikucheka hivyo tena kwa muda mrefu.

Wakati wa kukurudisha Wamaza, Mama alikaa kando ya sanduku lako. Hakulia njiani. Alilikumbatia kwa mikono miwili ili lisirukeruke. Njia yote, Baba. Tulipomaliza mazishi na kurudi Kasongo hakuweza kunyoosha mgongo, akalala kitandani juma zima. Alipoamka alisema neno moja tu juu ya jeep: "Ile sitapanda tena."

Akashika neno lake. Lakini kila Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilimwona anawatafuta waliotoka Wamaza. Aliwauliza kama majani yameota juu yako, kama kuna mtu anayefyeka, kama msalaba umesimama wima. Walimjibu kwa upole. Yeye alitikisa kichwa, akarudi nyumbani. Kwenda kwa pikipiki hawezi, mgongo haukubali. Kwa miguu ndiyo hawezi kabisa. Ilibaki motokari yako, na motokari yako ilikuwa imemshinda.

Mvua zilipokaribia kwisha, lame kubwa ya nyuma ikakatika nikiwa natoka Lusangi na wachuuzi. Ililia kama mti unaoanguka. Nikajikokota mpaka gereji, na pale, mbele ya chuma kilichopasuka, nikaona nafasi yangu. Nikamwambia Tonton Idi, "Zitoe zote. Nataka motokari laini. Nataka Mama aende Wamaza."

Tonton alikuna kidevu. "Laini ni muzuri ikisimama," akasema. "Ikiinama kwenye kona utanitafuta." Sikumsikiliza. Alikuwa na lame ndefu na nyembamba za jeep nyingine, iliyokuwa inabeba watu tu na sasa imefunguliwa vipande vipande nyuma ya gereji yake. Tukazifunga hizo. Nilipoikandamiza kona ilishuka, ikapanda, ikashuka tena, ikaendelea kucheza kama mtoto anayerushwa magotini. Nikacheka peke yangu. Nikawaza, Baba, mbona hukufanya hivi zamani?

Sikumpandisha Mama siku hiyo. Nashukuru Mungu. Nilitaka kwanza kuijaribu, nikaenda Nyangwe kuwachukua wanawake wa samaki. Kwenda kulikuwa raha, jeep ilielea, hata mashimo yalisikika kwa mbali tu. Kurudi tulikuwa tumejaa, na magunia ya mchele juu ya paa. Kwenye ule mteremko wenye kona nilikata usukani kama ninavyokata siku zote. Motokari haikunifuata. Mwili wake ulilala upande mmoja, ukasita, kisha magunia yakauvuta zaidi. Nyuma walipiga kelele wakimwita Yesu. Nilikanyaga breki, tairi zikateleza, tukaingia mfereji wa kando na kusimama tumeegemea ukingo wa udongo.

Hakuna aliyeumia. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alitoka kwa dirisha, akakaa kwenye majani, akamkagua mtoto wake kidole kwa kidole. Mimi nilikaa chini karibu na tairi. Nilikukasirikia, Baba. Nilikuita kwa sauti mbele ya watu wote: "Sasa nifanye nini? Uko wapi?" Wale wanawake hawakunicheka. Walishusha magunia, wakasukuma.

Nilipofika nyumbani nikamweleza Mama. Nilitegemea aseme pole. Aliendelea kupeta mchele, kisha akaweka ungo chini.

"Zamani ilikuwa laini," akasema.

"Nini?"

"Hii hii jeep. Baba yako aliinunua ikiwa laini. Siku moja tunatoka Kabambare, wewe uko mugongoni kwangu, mutoto mudogo. Ikainama vile vile penye kivuko, ikalala ubavu. Maji yaliingia. Baba yako alituvuta wawili, mimi na wewe, kwa kitenge. Kesho yake akaanza kutia lame. Nilimwambia ziko nyingi, mugongo utanikatika. Akasema, heri ukatike mugongo, nyinyi mubaki."

Sikujua, Baba. Miaka yote nilidhani ni kwa ajili ya mihogo na mafuta. Nilidhani ni ukaidi wako, na kule kupenda chuma. Nikamuuliza Mama kwa nini hakuniambia. Akasema wewe ulimkataza, hukutaka niiogope motokari. Akaokota ungo wake, akaendelea kupeta. Nikatoka nje, nikaenda kusimama karibu na jeep iliyojaa matope, nikaweka mikono pale kwenye kona, mahali ulipokuwa unaweka yako. Nililia mpaka nikatosheka.

Kesho yake nilirudi kwa Tonton Idi. Safari hii nilimwacha aseme. Alisema tusichague moja. Tukaziacha zile lame ndefu na laini juu, ziichukue motokari ikiwa na watu wachache. Kisha tukachagua lame zako mbili fupi, zile ngumu ambazo hazikupasuka, tukazifunga chini kabisa, na nafasi ndogo katikati. Motokari ikiwa nyepesi hazigusi chochote. Mzigo ukizidi, au kona ikiisukuma upande, lame za juu zinashuka na kuzikuta zako, na hapo zako zinazuia. Tukaweka mipira mipya kwenye viungo. Amortiseri, zile pampu za mafuta zinazotuliza mtikisiko, nilizingoja zitoke Kindu kwa lori, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimekauka mafuta, na Tonton alisema bila hizo hata lame nzuri itacheza bila kujua kunyamaza. Chuma cha kubebea mzigo juu ya paa nimekifungua kabisa. Mzigo wote sasa unalala chini, miguuni kwa watu. Wachuuzi walinung'unika, wakazoea.

Nilikandamiza kona. Ilishuka, ikapanda, ikatulia.

Nilienda Nyangwe tena, nikiwa nimejaa, mteremko ule ule. Niliingia kwenye kona. Iliinama kidogo, nikasikia chini yangu mgongano mzito wa chuma na chuma, ikasimama imara, ikapita. Nilijua ni nini kiligongana. Nikasema kwa sauti, "Aksanti, Baba," na mama mmoja nyuma akauliza nazungumza na nani.

Mama alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akasema ataona. Halafu asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye kiti cha mbele, kitenge kipya, jembe dogo kwenye mapaja, ananisubiri kama nimechelewa. Tukaondoka. Mkono wake ulishika chuma cha mlango mpaka tulipovuka lile daraja la miti. Kisha nikaona ameuachia. Aliuweka juu ya jembe. Baadaye akaanza kunionyesha mambo nje: shamba la karanga la fulani, mahali mlipolala siku jeep ilipoishiwa mafuta, nyumba ambayo mlitaka kuijenga mkaacha. Sikuwahi kusikia nusu ya hadithi hizo. Nilikuwa naendesha polepole si kwa sababu ya mashimo.

Tulikukuta na majani mengi. Mama alikataa nimsaidie. Alilima kando zote mwenyewe, akapumzika, akalima tena, akanyoosha msalaba wako. Kisha akakaa, akazungumza nawe kwa Kibangubangu, lugha yenu ya chumbani, na mimi nikarudi kwenye motokari kwa sababu si yangu kusikiliza. Nilimwona kwa mbali anatikisa mkono kama anavyofanya akikugombeza. Halafu nikamwona anacheka.

Aliporudi nilidhani atasema twende nyumbani. Alipanda, akafunga mlango, akatazama njia upande wa pili.

"Kabambare ni mbali sana toka hapa?" akauliza, kana kwamba hajui.

Baba, hajamwona mdogo wake tangu kabla hujaugua.

Naandika haya Kabambare, uani kwa Mama mudogo. Wako jikoni wanapika sombe, yale majani ya mihogo, sauti zao zinapita ukutani, na sijui nani anamcheka nani. Tutapitia tena kwako tukirudi. Nitakuja kukufyekea kila kiangazi, na Mama nitamleta kila atakapotaka, na kama hataki nitakuja peke yangu nikuambie kwa nini. Motokari yako nitaitunza. Watu wako nitawabeba taratibu. Baki na amani pale Wamaza, Baba yangu mpenzi, udongo usikulemee.

Mama ananiita. Anasema sombe iko tayari, niache kuandika, yeye ameshakwambia yote.

Binti yako,
Riziki