Meseji Kumi na Nane za Gauni

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi kitindamimba wenu. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na Mama pia, na kwamba goti lake limetulia. Mimi sijambo, ila sina raha, na sababu utaiona. Ningekupigia, lakini Mama amesema umezima simu na kuifungia kabatini chini ya mashuka, kana kwamba itatoroka.

Mama amenieleza yote. Kwamba kwa siku tatu kwenye simu ya Shemeji iliingia meseji ileile: “Mpendwa mteja, gauni la bibi harusi liko tayari, karibu ulichukue.” Kwamba ulizihesabu zikafika kumi na nane. Kwamba ulipomuuliza bibi harusi ni nani, alishikwa na kigugumizi, akasema ni matatizo ya mtandao, huku jasho linamtoka. Ndipo ukabeba begi na sufuria zote, ukamwachia birika lisilo na mfuniko. Na kwamba Jumatatu unakwenda kudai talaka.

Dada, kabla hujaenda, kaa nikueleze kazi yangu, maana miaka yote hii hujawahi kuiuliza. Nimelitengenezea duka moja la kushona magauni programu ya kompyuta. Ndani yake kuna sehemu inayosajili oda, nayo haifanyi kazi peke yake: inategemea sehemu nyingine, mtuma meseji. Kila nikibadilisha kitu naendesha majaribio, na kabla ya kila jaribio kuna mistari ya maandalizi. Hapo unaunda mteja wa kubuni, oda ya kubuni, na mtuma meseji wa bandia, anayejibu kwamba ametuma bila kutuma chochote. Wewe unafundisha huduma ya kwanza, utanielewa. Wanafunzi wako wanakandamiza kifua cha mdoli, si cha mlinzi wa getini.

Mimi, Dada, nilimlaza mlinzi.

Kumwandika mtumaji wa bandia ni kazi ya nusu saa, nami nilikuwa na haraka. Nikaweka mtumaji halisi, nikajiambia nitarekebisha kesho. Mteja wa kubuni alihitaji namba ya simu, na namba pekee niliyoikariri ni ya Shemeji, kwa sababu ndiye ninayempigia kila nikikwama. Jumanne peke yake niliendesha lile jaribio mara kumi na moja, na kila alama ya kijani ya kufaulu ilipowaka nilijipongeza kwa chai. Haraka haraka haina baraka, mimi imeniongezea na aibu. Bibi harusi unayemtafuta ni mimi, mwenye ndevu.

Mkuu wetu, tunayemwita Bwana Taratibu, hakunifokea nilipokiri kosa. Aliniketisha, akaniamuru nimwandike mtumaji wa bandia mbele yake, ofisi nzima ikitazama. Kisha akanituma kwenye kumbukumbu za meseji, nijue nimemsumbua Shemeji kiasi gani kabla ya kumwomba radhi. Nikahesabu mara tatu. Kutoka kompyuta yangu zilitoka kumi na saba.

Ya kumi na nane ilitoka kaunta ya duka lenyewe, Alhamisi saa nne asubuhi, kwa oda ya kweli. Niliifungua nikiwa tayari kumchukia mtu ninayempenda.

Mteja ni Shemeji. Duka nilimsifia mimi mwenyewe. Vipimo ni vyako, Dada, hata lile bega la kushoto lililoshuka kidogo. Kwenye maelezo ameandika kwamba mkewe aliolewa na gauni la kuazima, likambana hata akashindwa kucheza, na kwamba mwisho wa mwezi huu mnatimiza miaka kumi. Maskini, kila meseji ilipoingia alidhani duka limepania kumuumbua.

Sasa siri yake nimeivujisha mimi, na hilo sijamwambia. Nisamehe, Dada. Rudi nyumbani na sufuria zako, na siku ukionyeshwa hilo gauni, tafadhali shtuka.

Mpe Mama pole ya goti. Nakutakia safari njema ya kurudi kwako.

Ni mimi mdogo wako,
bibi harusi mara kumi na saba.