Kitabu cha Pili Nyumbani kwa Feza

Mama Feza wangu, jambo sana. Mimi muzee wa miaka sabini na mbili, niliyewashinda Wabeleji, uasi na homa zote, hapa Kindu mukwe wetu, bwana wa mutoto wetu Feza, ameniweza.

Njo kweli walivyotuambia: amekuwa Mumormoni. Juu ya meza Biblia iko, na pembeni yake kitabu ingine cha buluu, cha Wamormoni. Anasema nacho kilitoka kwa Mungu. Nikafoka: "Feza, funga vyombo, turudi Kibombo! Neno la Mungu lilikwisha kuandikwa!"

Mukwe akainamisha kichwa kwa heshima. "Baba, cha kwanza sikukitupa. Cha pili kinakishuhudia. Wewe ulipooa bibi wa pili, Mama Mudogo, ulimufukuza Mama Feza?"

Mimi, ambaye hata chifu hanishindi maneno, nikaomba chakula! Feza akaficha kicheko, akaleta ugali wa muhogo na samaki. Nikala nikiwa na hasira. Feza akasema: "Baba, mimi sitoki. Hapa njo kwangu."

Sasa kichwa kinazunguka. Nikimuhukumu mukwe, ninajihukumu mwenyewe. Basi ninarudi peke yangu, na muchele ulioniagiza. Maneno ya vitabu yamenishinda, lakini wewe njo wa kwanza wangu, lala vizuri.

Ukiona ni uongo, uliza Muzee Selemani, jirani yao Muislamu wa mutaa wa Mikelenge hapa Kindu. Alisikia yote, akaniambia: "Pole, ndugu. Sisi nasi tuliwaambia kuna kitabu kilichokuja nyuma ya Biblia, mukatucheka."