Vidonge Vinne vya Lorine

Ijumaa, 7 Machi 2025

Kwa Mama yangu mpendwa, Mwalimu Filister,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku Ghuba, ambako maji ya bomba hutoka yakiwa moto bila mtu kuwasha jiko. Mimi mzima wa mwili. Natumaini barua hii itakukuta na nguvu, kwamba goti halikusumbui sana unapoteremka ziwani, na kwamba mtoto anakuacha ulale hata kidogo.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Mama, simu yako haijawahi kuzungumza na mtu mmoja. Ukiipokea tu unabonyeza spika, shangazi Phelesia anasogeza kiti, na jirani anayepita njiani anaingiza salamu zake. Haya ya leo nataka yafike machoni pako kwanza, ndiyo maana nimempa Priscilla wa Isebania, ambaye mkataba wake umekwisha, akuletee mkononi mpaka Karungu. Wewe ndiye uliyetufundisha barua ya kirafiki, mimi na Lorine, ukatuchapa kwa kusahau tarehe. Tarehe nimeandika. Makosa mengine utayasahihisha kwa kalamu nyekundu ukifika mwisho, kama bado utataka kunisahihisha.

Tangu ulipopiga simu wiki iliyopita sijatulia. Ulisema mtoto wa Lorine amelia siku tatu, hataki chupa, hataki kubebwa, na nesi wa zahanati amempima asione homa wala ugonjwa wa tumbo. Basi mkafanya kama inavyofanywa kwetu mtoto akilia hivyo: mkaketi mkamwitia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, ili anyamaze kwa jina la yule anayetaka kukumbukwa. Mkamwita kwa jina la nyanya Wilfrida, akalia. Mkaita majina ya watu wa upande wa Baba, akalia. Mlipomwita Lorine, jina la mama yake ambaye kaburi lake halijaota nyasi, ulisema alilia hadi akabadilika rangi. Ndipo shangazi Phelesia, kwa uchovu na kwa ule mdomo wake, akasema basi na aitwe Phanice, yule aliyekwenda Uarabuni akasahau kuzaa. Mtoto akanyamaza. Ulisema alifungua macho akatazama mlangoni.

Ulisema pia kwamba wazee wameingiwa na hofu, kwa kuwa mtu aliye hai haitwi kwa namna ile, na ukaniuliza kama kuna jambo lolote lililobaki kati yangu na dada yangu. Nilikujibu hapana, kisha nikasema mtandao ni mbaya nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama.

Nina ya kwangu pia ambayo sijamwambia mtu. Unajua kazi yangu ni dobi katika hoteli, na mashuka makubwa hukunjwa na watu wawili. Jumatatu mwenzangu alikwenda msalani, nami nikabaki nimeshika ncha mbili nikimsubiri. Shuka likanyooka. Likavutwa upande wa pili, mivuto miwili ya haraka, vile vile Lorine alivyokuwa akinivuta uani kwetu siku za Jumamosi ili niyumbe apate kucheka. Halafu ncha zake zikanijia mpaka mkononi. Nilizipokea nikakunja. Sikupiga kelele, maana nikuambie ukweli, mikono yangu ilifurahi kabla kichwa hakijaogopa. Mwenzangu aliporudi aliniuliza nani amenisaidia.

Alfajiri nayo chumba kinanuka omena, wale dagaa wa ziwani kwetu. Si harufu ya kupikwa. Ni ile ya omena iliyoanikwa ikapata jua la saa sita. Nilidhani ni mawazo yangu tu, lakini Liz wa Muhuru Bay, tunayelala chumba kimoja, na ambaye omena ameianika tangu utotoni, ameniuliza mara mbili ni nani aliyefungua mkebe. Hakuna aliyeufungua. Mkebe huo nitaufikia. Naogopa kuufikia, kwa hiyo niache nianze mbali kidogo.

Mama, miaka hii yote umekuwa ukifunga na kuomba ili tumbo langu lifunguke. Mama mkwe amenitumia mizizi iliyofungwa katika gazeti. Umevumilia watu wa Karungu wakikuuliza binti yako ana shida gani. Sina shida yoyote. Nilikuwa nameza vidonge vya kupanga uzazi. Chrispine mume wangu, ambaye naye yuko huku, anajua, na tulikubaliana naye. Huku mfanyakazi akionekana mjamzito hurudishwa kwao, na wiki yetu ya kwanza tulimwona msichana wa Rachuonyo akipandishwa gari la uwanja wa ndege akiwa bado na sare ya kazi. Tulikuwa tunaonana Ijumaa tu, mimi na mume wangu. Tuliona tungoje mkataba uishe. Nisamehe kwa maombi niliyoyaacha yapotee hewani.

Vidonge hivyo nilivitafuta hapa kwanza. Nilikwenda kliniki nikiwa nimevaa vizuri, na yule daktari alinisikiliza kwa upole kisha akataka cheti cha ndoa. Nilimweleza kwamba niliolewa, kwamba ng'ombe walitoka kwa kina Chrispine mpaka kwetu na kijiji kizima kiliwaona. Aliandika kitu, akasema bila cheti hawezi. Ng'ombe wetu hawakupewa karatasi, Mama. Hata mimi nilicheka nikiwa ngazini, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Nilimpigia Lorine. Unakumbuka kwamba baada ya mtoto wake wa pili alishikwa na kifafa cha mimba, na daktari akamwonya asibebe mimba tena. Sindano ya kupanga uzazi ilimtoa damu wiki tano, ndipo akawekwa kwenye vidonge. Alisema nisiwe na wasiwasi: nesi wa kliniki yao kule Sindo alikuwa akimpa pakiti sita badala ya tatu, kwa kuwa walielewana. Akawa ananitumia nusu. Alizificha chini ya omena ndani ya mkebe, na kila mtu wa upande wetu aliyerudi kutoka likizo alinibebea bila kujua. Kila kidonge nilichomeza kilinuka ziwa. Tulikuwa tunacheka juu ya hilo. Lorine alisema nikija kuzaa, mtoto atatoka na magamba.

Alipoonekana mjamzito mwaka jana, nilimpigia. Alicheka akasema vidonge vimemwangusha, hutokea, na kwamba anapimwa presha kila wiki. Aliniomba nisikuambie habari za ule mkebe. Mengine unayajua kuliko mimi, maana wewe ndiwe uliyekuwa naye hospitalini mwezi wa kwanza, ukatoka na mtoto peke yake.

Na unajua jinsi lawama ilivyomwangukia Joash. Pale matangani mlisema alijua daktari alikataza, na bado akampa mkewe mimba kwa uroho wake. Mkamchukua mtoto, mkamwambia asikanyage Karungu. Mimi nami nilituma ujumbe wa sauti. Nilimwita shemeji yangu muuaji, na ulichezwa mbele ya watu, naye amekaa pale na watoto wake wawili magotini. Liz, aliyekuwa likizo na akafika matangani, aliniambia Joash hakunirudishia tusi. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpeleka Lorine kliniki kwa pikipiki kila tarehe ya vidonge, na hakuna aliyemwamini.

Mwaminini, Mama. Alisema kweli.

Sasa ndiyo sababu ya barua hii. Yule nesi alikuwa na mtindo wa kuandika juu ya kila pakiti, kwa kalamu ya buluu: tarehe, jina la Lorine, na namba. Pakiti zangu zilikuja zimeandikwa nne ya sita, tano ya sita, sita ya sita. Lorine alibaki na zile tatu za mwanzo. Mwezi wa pili mwaka jana nilimlilia kwenye simu kwamba nimebakiwa na vidonge sita tu. Mkebe ukafika mwezi wa tatu. Nilifukua omena nikatoa pakiti. Ziliandikwa moja ya tatu, mbili ya tatu, tatu ya tatu.

Niliona. Nataka usome neno hilo mara mbili. Sikuja kugundua baada ya msiba. Niliziona namba hizo siku ile ile, nikiwa nimekaa kitandani, na nikajua kwamba safari hii alipewa tatu tu na zote ziko mkononi mwangu. Nilichukua simu nimpigie. Nikaiweka. Nilijiambia labda nesi amebadilisha mtindo wake. Jioni ile nikameza cha kwanza kwa maji ya moto ya bomba. Na mwezi wa tano Chrispine akahamishiwa kituo cha mbali, Ijumaa zetu zikaisha, na pakiti ya tatu sikuigusa hata kidogo. Ipo hapa. Ingetosha kurudi kwa mwenyewe.

Lorine alipocheka akasema vidonge vimemwangusha, nilijua ananidanganya ili nilale. Nami nililala.

Mwezi uliopita Liz alirudi kutoka likizo na mkebe. Lorine alikuwa amempa kule Sindo mwezi wa kumi na mbili, kabla ya kujifungua. Niliukuta kitandani, jina langu limeandikwa juu kwa mkono wa mtu ambaye tumekwisha kumzika. Ndani kulikuwa na omena, na chini kabisa pakiti moja ya tarehe 14 Mei. Moja ya moja. Vidonge vinne vya mwanzo vilikuwa vimetolewa, vingine vyote viko mahali pake. Mama, alivimeza yeye. Kliniki ilipopata pakiti moja alikimbia kuichukua, akaanza, na siku ya tano akajua amechelewa. Kilichobaki hakukitupa. Alinitunzia mimi miezi saba.

Napitisha kidole juu ya matundu yale manne kila asubuhi. Sijawahi kuwa na hofu ya kitu kidogo kiasi hicho.

Pakiti hiyo nimeifunga pamoja na barua. Nakuomba mambo matatu, na baada ya hapo unaweza kunikana. Mwite Joash nyumbani, umpe kiti, umsomee barua hii yote kwa sauti, shangazi Phelesia na wote waliosikia ujumbe wangu wakiwepo. Siku hiyo spika ni halali. Mpe ile pakiti mkononi, atamjua nesi kwa mwandiko. Halafu mpe mtoto wake.

Kuhusu jina, waambie wazee wasimpe langu. Chagueni jina mtakalopenda, au Joash achague. Nimewaza sana juu ya mtoto aliyekataa majina ya wafu wote akanyamaza kwa langu, na siamini tena kwamba alikuwa anatafuta la kuitwa. Nimekwisha kumwambia msimamizi kwamba naacha kazi. Nitashuka Sindo kwanza, kwa Joash, kabla sijafika kwako. Mtoto akilia tena kabla sijafika, msimwitie mtu mwingine. Mwambieni Phanice amesikia, anakuja.

Chrispine anakusalimu, yeye nimemwandikia barua yake. Nisalimie wana wa Lorine Joash atakapokuja nao, na majirani wote wa pale nyumbani. Mwambie shangazi Phelesia simchukii, mdomo wake safari hii uligonga palipostahili. Kwako wewe nabaki na heshima yote na aibu yote.

Ni mimi binti yako,
Phanice