Nundu ya Baba

Kiseke, Mwanza
Agosti 1938

Kaka yangu mpendwa Nkwabi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe na wifi na watoto. Sisi hatujambo, pamba tumeiuza, na Baba yu hai. Hilo la Baba ndilo linalonifanya niandike, maana barua zangu za kwanza ulizijibu kwa kusema kazi ya reli haikupi nafasi.

Tangu masika Baba alikuwa akibanwa kifua kila alipopanda mlima kutoka ziwani. Alisema ni mlima ulioongezeka urefu. Nikamburuta mpaka mjini kwa Daktari Tayabali, akamfunga mpira mkononi, akamsikiliza moyo, akasema mishipa yake ya damu imekuwa migumu. Alitueleza kwa subira kwamba mafuta na uchafu hugandia ndani ya mshipa kidogo kidogo, miaka na miaka, mtu asihisi lolote, mpaka njia inakuwa nyembamba na mshipa haunyumbuki tena. Hapo moyo husukuma damu kwa taabu, na siku njia ikiziba, mtu huanguka. Baba akatoa kiko chake mfukoni, akasema ugonjwa huo anaujua, kiko kimeugua mara nyingi. Akamwomba daktari amzibue kwa sindano ya magunia, naye atatoa kuku. Daktari akajibu kwamba mtu hazibuliwi hivyo. Aache tumbaku, apunguze samli na nyama ya mafuta, atembee polepole kila siku.

Samli aliiacha akinung'unika, na kiko sasa anakinyonya kitupu. Shida ikabaki kwenye nundu. Unajua katika ukoo wetu nundu ya ng'ombe wa sherehe huwekwa mbele ya mkubwa wa nyumba, na asipoimaliza hakuna anayegusa nyama. Na mwaka huu, pamba imelipa, kila mtu anaoa. Kwenye harusi ya Shimba, Baba aliila nundu yote. Jioni tukamkuta amekaa juu ya jiwe, jasho linamtiririka, mkono kifuani. Niliogopa sana, kaka, nilidhani tunamzika. Hata hivyo alishikilia kwamba kuikataa nundu ni kuwaambia watu wamchimbie kaburi kabisa. Baba mdogo Ndalahwa naye akasema mwingine anayeweza kuila ni mtoto wa kwanza tu, yaani wewe, ambaye uko Tabora unakata tiketi.

Sasa nikuambie nililofanya, kabla hujalisikia kwa wenye midomo. Kwenye harusi ya Dorotea sahani ililetwa, nundu inang'aa kwa mafuta. Baba akanyoosha mkono. Nikaivuta sahani, nikaila nundu yote mbele ya wazee, tena nimesimama. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto, lakini nilimaliza. Baba akasema nundu imeliwa, watu wagawiwe nyama. Yeye akaomba maharage.

Siku chache baadaye wakaja wazee wawili wanaogombea ndama. Baba akawaelekeza kwangu, akisema aliyekula nundu ndiye asikilizaye kesi. Nikaisikiliza. Juzi kwa Ndalahwa, siku ya kupokea mahari, sahani ikaja moja kwa moja mbele yangu. Nikaamuru kuanzia sasa nundu ikatwe vipande vidogo, kila mtu wa ukoo apate tonge lake, na asiyekuwepo awekewe. Walitazamana, kisha kisu kikaletwa.

Baba anakusalimu. Leo amepanda mlima na kupumzika mara moja tu, na hata hapo alisema alikuwa anatazama ziwa. Daktari anasema ugonjwa huu hupenda kufuata ukoo, kwa hiyo nawe nenda kapimwe, na wifi apunguze samli kwenye chungu. Wabusu watoto, waambie shangazi yao siku hizi anaamua kesi za ng'ombe.

Tonge lako la nundu niliwekewa mimi nikutunzie. Nimempa mbwa, kwa sababu nakupenda.

Mdogo wako,
Justa